Mashine ya Rangi

Karatasi ilikuwa imebanduka nusu mlango wa uani ulipogongwa. Mwantumu aliishika vivyo hivyo kwa ncha za vidole, nusu ikiwa hewani na nusu ingali imelala juu ya kioo, akaziba pumzi. Kazi ile haitaki kusitasita. Rangi ya maji hupakwa juu ya kioo kilichosuguliwa sabuni, ikaachwa ikauke, kisha hulazwa karatasi yenye unyevu na kusuguliwa kwa mgongo wa upawa mpaka mkono uchoke. Hapo rangi hukubali kuhama, tena mara moja tu. Ukisita katikati unaambulia mstari usiofutika. Mwantumu aliyajua hayo kuliko mtu yeyote katika mji wa Mbeya, na bado alisita, maana mlango uligongwa kwa namna ya mtu anayekimbizwa.

"Dada! Dada Mwantumu, fungua!"

Ilikuwa sauti ya Tupokigwe, Mnyakyusa aliyemletea maziwa kila asubuhi. Mwantumu akaimalizia karatasi kwa mvuto mmoja. Mlima Loleza ulitoka na ukungu wake, migomba ikatoka chini yake, na katikati ya mlima ukapita mstari mweupe kama kovu. Akaiweka chini, akaenda kufungua.

"Dada, kuna baba moja yuko kule dukani kwa bwana yako, anafoka mpaka watu wanajaa," Tupokigwe alisema, kibuyu cha maziwa kikiwa bado mkononi. "Anagonga kile kioo cha mapicha. Anasema, huyu ni shemeji yangu, leo atanieleza."

"Huyu nani?"

"Yule wa kanga nyekundu, mwenye watoto wawili. Ile picha nzuri, dada, ile uliyo..." Alijiziba mdomo, akatazama nyuma yake kama ukuta una masikio. "Ile ambayo mashine imetia rangi."

Siku nyingine wangecheka. Tupokigwe alikuwa mtu pekee nje ya nyumba ile aliyejua siri ya mashine, na alizoea kuisema hivyo kwa kukonyeza jicho. Siku hiyo hakukonyeza, na Mwantumu aliogopa kabla hajajua anaogopa nini.

Hapa inabidi tumseme kidogo Bwana Othmani, mumewe. Alikuwa mpiga picha, na mpiga picha mzuri, ila ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko mkono. Siku moja mkulima wa pareto kutoka Umalila alimwuliza picha nyeusi inageukaje kuwa ya rangi. Othmani angeweza kusema kweli: kwamba nyumbani ana mke akaaye uani na vidonge vya rangi ya maji, pamba iliyozungushwa kijitini na brashi yenye nywele chache kuliko kope, anayeitia picha mashavu, kanga, mbingu na maua. Badala yake alipapasa sanduku jeusi lililokuwa pembeni limefunikwa kitambaa, sanduku la kamera iliyokwisha kufa zamani, akasema, "Ni mashine hii, mzee. Inaitoa rangi ile ile iliyokuwapo. Picha iliificha tu."

Alitania. Lakini mzee hakucheka. Alitikisa kichwa kwa heshima, akaenda nayo habari hiyo, na haukupita muda mji mzima ukawa na mashine. Utani ukanoga, ukawa biashara. Alikuwapo mtu aliyeapa kwamba maishani mwake hajapata kuvaa shati la manjano; alipoonyeshwa picha yake akanyamaza, akaondoka akisema huenda macho yake ndiyo yaliyokosea. Mwantumu na mumewe walimcheka mtu yule mpaka mbavu zikawauma, wala hawakujua wanacheka nini.

Othmani alirudi adhuhuri. Alifunga mlango wa mbele kwa komeo, akaujaribu kuona kama umefungika, kisha akakaa kwenye kigoda bila kuvua kofia.

"Ni mjane," alisema. "Yule mwanamke wa kanga nyekundu. Yumo edani."

Neno lilimfikia Mwantumu kwanza kama sauti, maana ikafuata nyuma. Mwanamke wa eda hukaa ndani, huvaa nyeupe, hagusi hina wala wanja wala manukato mpaka siku zake zitimie. Na yeye, kwa mkono wake mwenyewe, alimvika yule mwanamke kanga nyekundu kama ua la mkomamanga, akampaka na midomo, kwa kuwa kila mwanamke aliyempitia mikononi alimpaka midomo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini nisichokijua? Mumewe ni yule dereva aliyefia Nyololo masika haya, lori lilipoteleza. Nilikwenda kumzika, lakini sura ya mkewe ningeijulia wapi? Aliyekwenda kumpiga picha ni Liberatus, yule kijana wangu wa dukani. Bibi wa watoto yuko Bagamoyo, mgonjwa, alitaka kuwaona. Liberatus akapiga, akaniletea, akaenda zake Rhodesia kwenye migodi, hata nyuma ya picha hakuandika rangi za nguo kama desturi."

"Na mimi nilikuwa Iringa."

"Ndiyo, ulikuwa Iringa."

Masika yote Mwantumu alikuwa Iringa akimwuguza mama yake, na aliporudi alikuta bahasha ya picha inamngoja. Ndani yake kulikuwa na mwanamke aliyeketi uani na mabinti wawili, mkubwa amesimama kando na gauni lake jeupe, mdogo amepakatwa, naye ameing'ang'ania kanga ya mama yake kwa mikono miwili. Aliipenda picha ile. Aliitia rangi kwa siku kadhaa, akiirudia na kuirudia, na Othmani alipoiona hakuridhika kupeleka nakala moja Bagamoyo. Nyingine aliiweka kwenye kioo cha mbele, watu wajue kazi ya mashine.

"Yule bwana anaitwa Muharami, ndugu wa marehemu, anatoka huko huko Iringa," Othmani aliendelea. "Ameshuka kwenye basi, hajafika hata kwa mjane, anakutana na shemeji yake kwenye kioo changu. Akaniuliza, picha hii ya lini? Nami, mjinga mimi, nikadhani ameipenda. Nikamwambia ni ya mwezi jana tu. Nikamwambia na rangi ni yenyewe halisi, mashine yangu haikosei."

Akavua kofia, akaiweka magotini, akaitazama.

"Anataka nini?"

"Watoto. Anasema mwanamke anayejipamba kaburi la mume halijakauka hawezi kuwalea wana wa ndugu yake. Atawachukua Iringa. Kesho baada ya alasiri wazee wanakaa nyumbani kwa mjane, Mwalimu Zubery wa msikitini mwenyewe atakuwapo."

Othmani alipokwenda kuswali, Mwantumu alifungua sanduku la kazi yake, akatoa nakala ya picha ile ambayo hakuitia rangi. Siku zote alibakiza moja ya kujifunzia. Akaisogeza mlangoni penye mwanga, ingawa alikwisha kujua atakachokiona.

Yako mambo ambayo mtia picha rangi huyajua na mwenye picha hayajui. Nyekundu, kamera inapoipiga, hutoka nzito, jirani na weusi. Buluu hutoka nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji. Nyeupe haitoki kabisa; hubaki karatasi tupu. Binti mkubwa, gauni lake lilikuwa karatasi tupu. Na kando yake hapo hapo, kanga ya mama yake ilikuwa kijivu kizito, kijivu ambacho Mwantumu alikipaka nyekundu bila kufikiri, kwa sababu mkono wake ulishazoea kwamba kijivu kile ni cha nyekundu.

Haikuwa nyeupe. Haikupata kuwa nyeupe. Aliirudisha picha ndani ya sanduku, akalikalia sanduku lenyewe, kijasho chembamba kikimtoka katika baridi ile ya Juni.

Hakumwambia mumewe. Alimwambia jambo jingine, jioni, akimwandalia chakula: kwamba waende kwa wazee wakaseme mashine hakuna.

"Umerukwa na akili?" Othmani alisema, lakini kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo lile na likamtisha. "Nikisema hakuna mashine, nimewafanya watu wote wa mji huu wajinga. Mtu husamehe ukimwibia kuku. Ukimfanya mjinga hasamehi. Na wewe je? Watasema Othmani amemweka mkewe kuchora nyuso za waume za watu. Nyamaza, Mwantumu. Yatapoa."

"Watoto wakichukuliwa yatakuwa yamepoa?"

Othmani alikula matonge mawili, akasukuma sinia. Mwantumu alimwona anavyoogopa, akataka kumwonea huruma, lakini hofu yake mwenyewe ilikuwa kubwa, haikubakiza nafasi.

Siku ya pili, Othmani alipokwisha kutoka kwenda kwenye baraza la wazee, Mwantumu alikifunga kioo chake katika kitambaa, akachukua karatasi zilizolowa kati ya taulo mbili, vidonge vya rangi, sabuni, brashi na upawa, akavificha vyote ndani ya buibui. Mara mbili alifika mlangoni akarudi. Mara ya tatu alijikaza kisabuni, akatoka. Upepo ulishuka kutoka Loleza unakata, na kila aliyempita njiani na kumsalimu alimwona kama mtu aliyetumwa kumrudisha. Alijisemea kwamba anakwenda tu kusikiliza. Alijisemea hivyo mpaka kizingitini.

Wanaume walikuwa ukumbini, wamekaa kwenye jamvi. Mwantumu aliingia kwa mlango wa uani, akafikia chumba cha ndani kilichotengwa na ukumbi kwa pazia. Humo kulikuwa na wanawake watatu au wanne, seredani ya makaa yenye birika la kahawa, na Mwanakhamisi mwenyewe, mjane. Ilikuwa ajabu kumwona mtu aliyekwisha kumpaka mashavu. Alikuwa mwembamba kuliko kwenye picha, amejitanda nyeupe tangu utosini, macho yameganda mkekani. Binti mkubwa alimwegemea. Mdogo alikaa mbali, kwa mwanamke mwingine karibu na mlango, amempa mama yake mgongo.

"Mwulizeni mwenyewe," sauti ya Muharami ilisema ng'ambo ya pazia. Haikuwa sauti ya mtu mbaya. Ilikuwa imekwaruzika, kama ya mtu aliyelia faraghani. "Ndugu yangu nilimtoa chini ya lori kwa mikono hii. Nimekuja nimkute mkewe analia, namkuta anauza sura mjini. Mwulizeni alivaa nini."

"Mwanakhamisi," Mwalimu Zubery aliita kwa upole. "Umesikia, mwanangu. Una la kusema?"

Mwanakhamisi hakusema kitu. Wanawake walimtazama, wakatazamana. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko jibu lolote, na Mwantumu peke yake ndiye aliyejua una maana gani. Yule mwanamke hakuwa akiona haya. Alikuwa hataki kusema uongo.

"Basi na mwenye mashine aseme," Muharami alisema. "Bwana Othmani, jana ulisemaje? Rangi ile ni halisi, au si halisi?"

Othmani alikohoa, akakohoa tena. Mwantumu alikijua kikohozi kile. Baada yake mumewe husema neno la kuchekesha watu. Hakulisubiri.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema kupitia pazia, na sauti ilimtoka nyembamba hata hakuitambua. "Ni Mwantumu, mke wa Othmani. Mashine hakuna. Rangi hutiwa na mimi."

Ukumbini wakaanza kusema wote pamoja, na Muharami akawashinda kwa sauti. "Mke anamwokoa mumewe! Mtoto gani hataliona hilo?"

"Nipeni maji," Mwantumu alisema. "Nipeni na nafasi penye seredani. Nitawaonyesha."

"Utaonyesha nini, mwanangu?" Mwalimu Zubery aliuliza.

"Nitamtia mtu rangi mbele yenu, Mwalimu. Aliyevaa hivi nitamvika vile."

Yule mzee alifikiri. "Fanya," alisema hatimaye. "Lakini macho usiyatie, kuumba si kazi yetu."

Alipiga magoti, akakisugua kioo kwa sabuni. Mikono ilimtetemeka hata tone la kwanza la rangi likaanguka kwenye mkeka. Akalifuta kwa kiganja na kuendelea. Pazia lilikuwa na mwanya, na katika mwanya alimwona Muharami: mtu mrefu, koti la kijivu, kanzu, bakora ameishika mkono wa kulia. Alianza na koti. Brashi ilipogusa kioo, mikono ikatulia yenyewe, kwa kuwa mikono haikujua kwamba kuna wazee. Alipaka koti, alipaka kofia, alipaka bakora. Uso aliuacha bila macho kama alivyoamriwa. Halafu akakausha kioo juu ya joto la makaa, akalaza karatasi, akasugua kwa upawa, duara dogo dogo, wanawake wamemzunguka na kuacha hata kupumua. Safari hii hakusita. Alibandua kwa mvuto mmoja, akaipenyeza karatasi chini ya pazia.

Kisha mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mwingine akashindwa kujizuia.

Alikuwa ni Muharami, ingawa hakutiwa macho. Shingo ilikuwa yake na mabega yalikuwa yake. Lakini koti lilikuwa la kijani, mdomo mwekundu kama wa bibi harusi, na vidoleni hina imekolea. Hata bakora ilikuwa imehamia mkono wa kushoto, maana kioo hugeuza.

"Bwana Muharami," Mwantumu alisema, "hapo una hina. Je, uliingia hapa na hina?"

Muharami hakucheka. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Na hapo likatokea jambo ambalo Mwantumu hakulitarajia: mumewe akanyanyuka.

"Ni kweli," Othmani alisema. "Lile sanduku ni tupu. Nilitania siku moja, nikashindwa kuurudisha utani. Mnisamehe." Akakaa, na hakuongeza neno la kuchekesha.

Wazee walianza kunong'onezana, na minong'ono ilikuwa ya watu wanaotaka kwenda nyumbani. Mwantumu aliketi juu ya visigino vyake. Alidhani imekwisha. Alikuwa hata ameanza kukusanya vidonge vyake vya rangi Muharami aliposema tena, polepole, na sasa hakuwa na ghadhabu, jambo lililomfanya atishe zaidi.

"Kwamba anajua kupaka, nimekubali. Mimi amenipaka mbele ya macho yangu. Lakini mtu anaweza kupaka uongo, na anaweza kupaka kweli. Ile kanga aliizua, au aliipaka kama ilivyokuwa? Hilo hakulisema. Na aape."

"Wallahi," Mwantumu alisema haraka, "nyekundu ile imetoka mkononi mwangu, na mwanamke huyu sikupata kumwona kabla ya leo." Ilikuwa kweli yote, kila neno.

"Sikuuliza habari za mkono, mama. Nauliza kanga. Ilikuwa nyeupe, au haikuwa?"

Mwantumu alichungulia kwenye mwanya. Ng'ambo ya pazia Mwalimu Zubery alikuwa ameshika picha yenyewe, ile iliyotolewa kiooni dukani. Gauni la mtoto na kanga ya mama vilikuwa kando kwa kando mikononi mwake, karatasi tupu na kijivu kizito chini ya nyekundu. Mtu mwenye kuangalia angeliona jambo lile bila kuapiwa na mtu. Mwantumu alingoja aangalie. Yule mzee aliikunja miwani yake, akaitia mfukoni.

"Kama hukumwona, huwezi kujua," alisema. "Na kama hujui usiape, mwanangu. Hakuna atakayekulaumu. Tutasema tu kwamba jambo halikubainika."

Mlango ule ulikuwa wazi, angeweza kutoka. Jambo lisilobainika. Muharami angesubiri libainike akiwa na watoto Iringa. Mwantumu alimgeukia Mwanakhamisi, na Mwanakhamisi kwa mara ya kwanza aliinua macho. Hakuomba kitu. Alimtikisia kichwa, kidogo sana, kumkataza.

Tangu utotoni Mwantumu alifundishwa kiapo ni nini. Alipata kumwona mtu mzima akikataa kuapa kwa ajili ya ng'ombe wake mwenyewe, na ng'ombe walikuwa wake kweli, kwa kuogopa kwamba ulimi utateleza. Sasa aliogopa kuliko alivyopata kuogopa siku yoyote, hofu ya mtu aliyesimama ukingoni na chini hakuonekani. Akasema kwanza kwa sauti iliyovunjika, kisha akaanza upya.

"Najua, Mwalimu. Kazi yangu ndiyo inayonijulisha. Kila rangi ina kijivu chake, na cha nyeupe nakijua."

"Una udhu?"

"Ninao."

Msahafu uliletwa, umefungwa katika kitambaa cha kijani. Aliweka mkono. Ulikuwa bado na unyevu wa rangi, akautoa, akaufuta kwenye buibui, akaurudisha.

"Wallahi," alisema, "ilikuwa nyeupe."

Muharami aliinama. Alilaza bakora mapajani mwake, akasema kwamba anaomba radhi kwa shemeji yake, na kwamba ameleta mchele na vitu vya watoto, viko stendi, atavifuata. Alisema na sauti ilimkatika tena, na wazee wakampisha atoke kwanza.

Uani, Mwantumu alikuwa akikisuuza kioo chake kwa maji ya mtungi. Rangi zilizobaki zilitoka kwanza kijani, halafu zikachanganyika zikawa tope. Alisikia nyayo nyuma yake, hakugeuka.

"Ulijuaje?" Mwanakhamisi aliuliza.

"Nilijua nini?"

"Kwamba ilikuwa nyekundu." Alisema kwa sauti ya chini mno. "Picha ilipofika Bagamoyo, mama alituma salamu, akasema hata wekundu ni ule ule. Liberatus hakuniuliza. Hukuniona. Ulijuaje?"

Mwantumu aligeuka sasa. Nguo nyeupe ya Mwanakhamisi ilimwumiza macho kwa jua la jioni.

"Huyu mdogo," Mwanakhamisi alisema, "alimwona baba yake anatolewa ndani ya sanda. Tangu siku ile nikivaa nyeupe hanisogelei. Anadhani na mimi ni wa kutolewa. Siku ya picha alilia mpaka akatapika, hataki kukaa na mimi, na mama anataka kutuona wote. Nikafungua sanduku, nikavaa ile kanga. Ilikuwa saa moja tu, dada. Alikaa mapajani mwangu saa nzima. Liberatus alikwisha kuondoka naye bado amekaa." Akatazama mlangoni, ambako mtoto alikuwa amesimama akiwachungulia, nusu ya uso ndani na nusu nje. "Nilitaka kuwaambia wazee. Nikasema, nikisema watanielewa? Nikanyamaza. Sasa wewe umeapa."

"Nimeapa."

"Utakipeleka wapi kiapo hicho?"

"Sijui," Mwantumu alisema. "Ni changu. Wewe usikiguse."

Akakifunga kioo katika kitambaa, akatoka.

Othmani alimngoja njiani. Walitembea pamoja, jambo ambalo hawakulizoea, na ulimi wa Othmani ukafunguka kama kawaida yake. Alisema wazee hawakukasirika kama alivyodhani. Alisema mmoja amekwisha kuomba alete picha ya baba yake, marehemu siku nyingi, kwa kuwa ndugu wanagombania joho alilovaa lilikuwa la rangi gani.

"Nimemwambia alete," Othmani alisema, akicheka kwa kuona nafuu. "Sanduku lilikuwa la nini siku zote hizo? Kuanzia leo watasema mke wa Othmani akitazama kijivu hakosei."

Mwantumu alisimama. Mumewe alikwenda hatua kadhaa bila kujua yuko peke yake, kisha akageuka na kumwuliza kama amechoka, na kama ile kanga kweli ilikuwa nyeupe, maana yeye hata sasa akiitazama picha hawezi kutambua.

Nyuma yao mwadhini alianza kuadhini magharibi. Mwantumu aliogopa, akausikia mwili wake wote unaogopa, mpaka kwenye ncha za vidole vyenye madoa ya kijani. Alijaribu kutamani lile neno moja la kiapo lirudi kinywani mwake. Moyo ulikataa.

"Twende," alisema. "Tumechelewa kuswali."